Mapitio ya Vitabu na Desturi ya Kuandika Kila Juma

Mapitio ya kitabu, yaani makala mafupi yanayomweleza msomaji kitabu kinahusu nini, kimeandikwaje na kinamfaa nani, huhesabiwa na waandishi wengi chipukizi kuwa kazi ya pembeni inayowalia muda ambao wangeutumia kuandika riwaya au mashairi yao wenyewe. Historia ya uandishi wa Afrika Mashariki haiiungi mkono dhana hiyo, kwa kuwa baadhi ya waandishi wake mashuhuri walijifunzia kazi gazetini, mahali ambapo makala husubiriwa kwa siku maalumu, mwandishi awe amepata ari ya kuandika au hajaipata.

Mfano ulio karibu na wakazi wa Thika na Ruiru ni wa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa mwaka 1938 karibu na Limuru, katika Kaunti ya Kiambu ya leo, ambayo ndiyo kaunti yenye miji hiyo miwili. Kuanzia alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha Makerere, kati ya Mei 1961 na Agosti 1964, alichapisha makala yapatayo 80 katika magazeti ya Sunday Post, Daily Nation na Sunday Nation, ambayo ni wastani wa makala mawili kwa mwezi, na katika kipindi hichohicho tamthilia yake The Black Hermit ilionyeshwa Kampala mnamo Novemba 1962 na riwaya ya Weep Not, Child ikachapishwa mwaka 1964. Makala hayo hayakuhusu vitabu peke yake, na baadhi ya misimamo aliyoitetea humo aliiacha baadaye. Wala haiwezi kudaiwa kwamba makala ndiyo yaliyozaa riwaya. Linaloonekana ni kwamba kuliandikia gazeti hakukumzuia kijana huyo kuandika kitabu.

Sababu si ngumu kuieleza. Anayeandika kwa hiari yake hukwama zaidi mahali pa kuanzia, kwa kuwa hana mada aliyokabidhiwa, wala urefu aliopangiwa, wala siku ya kuwasilisha, na kila jioni huona ni afadhali angoje kesho. Mhakiki, yaani mtu anayekipima kitabu na kukitolea uamuzi, amekwisha kupewa mada na mtunzi mwingine, ameelezwa na mhariri kwamba maneno yasizidi 600 au 800, na anajua kwamba ukurasa utafungwa hata kama yeye hajamaliza. Hata mistari yake ya kwanza iko tayari, kwani mapitio ya magazetini kwa kawaida hutanguliwa na taarifa za kitabu, yaani jina lake, mtunzi, mchapishaji na idadi ya kurasa, na mtu akishayanakili hayo ukurasa hauko mtupu tena. Ni jambo dogo, karibu la kuchekesha, lakini husaidia.

Kwa mkazi wa Kimbo, ule mtaa wa Ruiru uliojaa nyumba za kupanga, ambaye hufanya kazi Nairobi na hana mhariri wa kumsukuma, ratiba hiyo inaweza kujengwa ndani ya matatu. Barabara kuu ya Thika ilipanuliwa na kuzinduliwa rasmi Novemba 2012, lakini foleni za asubuhi na jioni hazijaisha, na anayesoma kurasa 20 akienda na 20 akirudi, endapo muziki wa matatu utamruhusu, humaliza riwaya ya kurasa 200 katika siku tano za kazi. Sharti ni kwamba asome akiwa na kalamu. Kidokezo cha aina ya "uk. 47, mama anaificha barua. Kwa nini msimulizi hatuelezi?" kilichoandikwa palepale kina thamani kuliko kumbukumbu nzima ya Jumamosi, kwa maana tayari kina ushahidi na swali, navyo hivyo viwili ndivyo aya ya mapitio inavyojengwa. Rasimu, yaani andiko la kwanza lisilosahihishwa, huandikwa Jumamosi na kusafishwa Jumapili. Kama kitabu kimeazimwa katika maktaba ya umma ya Thika, basi tarehe ya kukirudisha humfaa msomaji huyo kuliko ahadi anazojiwekea mwenyewe.

Tatizo kubwa zaidi kwa anayeandika mapitio kwa Kiswahili nchini Kenya linatokana na mtihani. Soko la fasihi ya Kiswahili hutegemea sana vitabu teule, yaani vile vinavyochaguliwa kutahiniwa katika shule za sekondari, na pamoja navyo hustawi miongozo, ambayo ni vijitabu vya kumwandaa mtahiniwa kwa kumpangia maudhui, wahusika na mbinu za lugha katika safu zilizonyooka. Riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea, iliyochapishwa mwaka 2012, ilipotahiniwa kwa miaka kadhaa, wanafunzi wengi waliifahamu kwa sura hiyo ya mwongozo, na wengi wao walipokuja kuandika mapitio waliendelea kuorodhesha tamathali za usemi bila kusema kama kitabu kilichangamsha au kilichosha. Mapitio ya namna hiyo yanaweza kuandikwa kila juma kwa miaka kumi bila kumkomaza mwandishi, kwa kuwa hayamtaki aamue lolote. Yale ya kusifu tu, ambayo huzaliwa kwa urahisi mahali ambapo mtunzi, mchapishaji na mhakiki wanafahamiana, yana kasoro hiyohiyo. Walibora mwenyewe, aliyefariki Aprili 2020, alikuwa na safu katika gazeti la Taifa Leo, yaani nafasi ya kudumu anayopewa mwandishi mmoja, huku akiendelea kutunga riwaya.

Ughaibuni nako jambo hili limejadiliwa. Virginia Woolf wa Uingereza alianza kuchapisha mapitio mwaka 1904, zaidi ya miaka kumi kabla ya riwaya yake ya kwanza kutoka mwaka 1915, wakati George Orwell, katika insha ya mwaka 1946, alimwonyesha mhakiki aliyechakaa kwa kulazimika kutoa maoni juu ya vitabu visivyomgusa, akapendekeza vitabu vingi vipuuzwe na vichache vyenye uzito vipewe nafasi ndefu. Ushauri huo unafaa hata Ruiru: kitabu kimoja kwa majuma mawili kinatosha.

Linalobaki ni kuzitenga saa. Anayeandika mapitio na utungo wake mwenyewe katika kikao kimoja hujikuta akimaliza mapitio na kuuacha utungo, kwa kuwa mapitio yana mwisho unaoonekana ilhali utungo hauna, hivyo inafaa utungo upewe saa za kwanza, hata kama ni nusu saa ya alfajiri kabla ya kwenda stejini. Meza nzuri si sharti. Katika Gereza la Kamiti, lisilo mbali na Ruiru, Ngũgĩ alipokuwa amezuiliwa bila kushtakiwa kuanzia mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978, aliandika riwaya ya Kikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, juu ya karatasi za msalani, nayo ikachapishwa mwaka 1980.

Zipo pia nyakati ambapo mapitio yanastahili kuwekwa kando kabisa. Makala ya Ngũgĩ magazetini yalikoma mwaka 1964, alipokwenda kusoma Leeds, Uingereza, na huko ndiko alikoandika A Grain of Wheat, iliyotoka mwaka 1967. Uhakiki aliurudia baadaye kwa insha ndefu zaidi, ambazo zilikusanywa katika kitabu cha Homecoming mwaka 1972.