Je, Wajua? Miji Mikuu Saba ya Pwani Moja

Je, wajua kwamba mtu aliyezaliwa katika pwani ya Wabajuni, upande wa Somalia ya leo, mwaka 1870, akajaliwa kufika umri wa miaka 70, angeweza kutaja miji mikuu saba iliyomtawala bila yeye kuhama kisiwa chake?

Alipozaliwa, bendera ilikuwa ya Sultani na amri zilitoka Unguja. Mwaka 1875 Khediwi Ismail wa Misri alituma manowari zikiongozwa na Mwingereza McKillop, nazo zikakamata Barawa na Kismayu. Kwa miezi michache amri zikawa zinatoka Kairo. Sultani wa Unguja, Sayyid Barghash, alilalamika, Waingereza wakambana Khediwi, Wamisri wakaondoka, na Unguja ikarudi mahali pake. Ikafuata kampuni ya Waingereza, kisha mwaka 1895 Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yalikuwa Mombasa. Mwaka 1905 serikali ya Himaya ikahamia Nairobi. Mwaka 1925, chini ya Waitaliano, mji mkuu ukawa Kismayu yenyewe, mwaka uliofuata ukawa Mogadishu, na mwaka 1936 Waitaliano walipounganisha makoloni yao yote ya upande huu, juu ya Mogadishu ikawekwa Addis Ababa. Mbajuni huyo wa kisiwa cha Koyama au Chula, aliyejua kuvua, kushona tanga na kuelekeza mashua Lamu, hakuulizwa hata mara moja.

Ndiyo maana orodha ya miji mikuu, inayofundishwa watoto kama jambo lisilobadilika, katika pwani hii inafaa ifundishwe pamoja na mwaka wake. Jibu lisilo na tarehe ni nusu ya jibu.

Mwaka ule mmoja wa Kismayu unastahili kutazamwa kwa karibu. Kupitia Mkataba wa London wa Aprili 1915, Uingereza na Ufaransa ziliiahidi Italia kwamba ikiingia vitani upande wao, italipwa kwa ardhi. Vita vikaisha, na deni la Waingereza likalipwa kwa Jubaland, nchi iliyo kusini na magharibi ya mto Juba, ambayo hadi hapo ilikuwa mkoa wa Kenya. Makubaliano yalitiwa saini Julai 1924 na makabidhiano yakafanyika mwishoni mwa Juni 1925. Waitaliano waliiita Oltre Giuba, yaani ng'ambo ya Juba, wakaifanya koloni la peke yake chini ya Corrado Zoli, na Kismayu ikawa makao yake. Walitoa hata stempu za posta. Kwanza zilikuwa stempu za Italia zilizopigwa chapa ya jina la koloni, kisha mwaka 1926 zikaja nyingine zenye ramani yake. Katikati ya mwaka huohuo koloni lilivunjwa na kuunganishwa na Somalia ya Kiitaliano. Wakusanyaji wa stempu duniani bado wanazitafuta, na wengi wao wamelijua jina la Oltre Giuba kwa stempu tu.

Kwa mpaka mpya uliotokana na makabidhiano ya 1925, Wabajuni wakagawanyika. Waliokuwa Kiunga, Kiwayu, Faza na Kizingitini wakabaki Kenya. Waliokuwa Rasi Kiamboni, Burkavo, Darakasi, Chula, Chovai na Koyama wakaingia chini ya Italia. Ndugu waliooana na kuvua pamoja walianza kuwa na majibu mawili kwa swali moja la mji mkuu.

Je, wajua kwamba Kismayu ya leo ni mji mkuu ambao kwa maandishi si mji mkuu? Jimbo la Jubaland liliundwa mwaka 2013 kwa mikoa mitatu: Gedo, Juba ya Kati na Juba ya Chini. Mji mkuu uliochaguliwa rasmi ni Bu'ale, ulio kando ya mto katikati ya jimbo. Lakini Bu'ale imekuwa mikononi mwa al-Shabaab, kwa hiyo rais wa jimbo, wabunge na mawaziri wote wako Kismayu.

Na kuna mwenzake wa kustaajabisha zaidi. Jimbo la Kusini-Magharibi lina serikali yake Baidoa, mji wa bara, ilhali mji mkuu wake rasmi ni Barawa, mji wa pwani. Basi Kismayu ina kazi bila cheo, na Barawa ina cheo bila kazi. Miji hii miwili ndiyo hasa ambamo Kiswahili kimezungumzwa Somalia kwa vizazi na vizazi: Kibajuni Kismayu na visiwani, Chimiini Barawa. Sijaona kitabu cha shule kinacholisema jambo hili, na ningependa sana kukiona.

Majimbo mengine hayana utata mkubwa hivyo. Puntland, iliyoundwa mwaka 1998, makao yake ni Garowe, ingawa bandari na biashara kubwa viko Bosaso. Hirshabelle ni Jowhar. Galmudug ni Dhusamareb, japo iliwahi kujipanga katika mji wa Adado. Hargeisa ni mji mkuu wa Somaliland, iliyojitangazia uhuru mwaka 1991. Jimbo la Kaskazini-Mashariki lililotangazwa mwaka 2025 lina makao yake Las Anod. Aliyekariri orodha yake mwaka 2024 tayari ana pengo moja la kujaza.

Je, wajua kwamba serikali nzima ya Somalia iliwahi kuundwa nje ya Somalia? Serikali ya mpito ya mwaka 2004 iliundwa Kenya, ikakaa Nairobi kwa muda kwa sababu Mogadishu hakukukalika. Mwaka 2005 ikahamia Jowhar, na mwanzoni mwa 2006 bunge likakutana Baidoa, ndani ya ghala la nafaka lililotengenezwa kuwa ukumbi. Jowhar yenyewe ilikuwa na jina jingine zamani za Waitaliano: Villaggio Duca degli Abruzzi, mji uliokua kwa ajili ya mashamba ya miwa kando ya mto Shabelle. Na Jamame, mji wa migomba ulio kaskazini ya Kismayu, waliuita Margherita.

Jambo jingine dogo lakini zuri: Kismayu ndiyo makao pekee ya serikali ya jimbo Somalia yaliyo kusini ya ikweta. Mstari unapita kati yake na Jamame. Visiwa vyote vya Wabajuni viko kusini ya mstari huo.

Sasa, mtu anakaririje haya yote yakakaa? Watoto wengi hupewa orodha yenye safu mbili, jimbo kushoto na mji kulia, wakaisoma kwa sauti mpaka jioni. Orodha ya namna hiyo huingia upesi na kutoka upesi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1885 kwamba sehemu kubwa ya tunachokariri hupotea mapema, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hufaa kuliko marudio ya mfululizo. Mwaka 2006 Wamarekani Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma habari tena na tena na wale waliosoma kisha wakajaribu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo funga daftari, jiulize, ukosee, ndipo ulifungue. Mwalimu wa chuo cha Kurani anayemwambia mtoto aweke ubao chini asome kwa kichwa amekuwa akifanya hivyo siku zote.

Njia ya pili ni ile ya manahodha. Nahodha hakariri majina kama orodha, huyakariri kama safari. Ukimwuliza njia ya kutoka Kismayu kwenda Lamu, atakupitisha Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, kisha Burkavo na Rasi Kiamboni, na katika kila jina kuna mwamba, mlango wa maji au mahali pa kutia nanga. Jina moja hulivuta linalofuata. Fanya hivyo kwa Jubaland: shika mto Juba kuanzia mlangoni. Gobwen iko mdomoni, kilomita zisizofika 20 kutoka Kismayu, ambayo ndiyo makao ya Juba ya Chini. Panda mto upite Jamame na Jilib ufike Bu'ale, makao ya Juba ya Kati. Endelea Sakow, kisha Bardera, ambako msafiri Mjerumani Karl Klaus von der Decken aliuawa mwaka 1865 baada ya meli yake ya mvuke kuharibika mtoni. Kabla ya kufika Luuq, toka mtoni uende magharibi: hapo ni Garbaharey, makao ya Gedo. Safari moja, mikoa mitatu, na mtoto hatasahau, kwa sababu maji hayabadilishi mpangilio wa miji.

Wapo pia wanaotumia hesabu. Kabla ya serikali kuu kuanguka mwaka 1991 Somalia ilikuwa imegawanywa katika mikoa 18. Jadi ya Wabajuni nayo huhesabu koo 18. Hakuna uhusiano wowote kati ya hesabu hizi mbili, lakini mtoto wa Kibajuni aliyefundishwa na bibi yake kuhesabu koo zote tayari anajua orodha ya urefu huo inavyobebwa kichwani.

Ng'ambo ya mpaka, Kenya ina kaunti 47 chini ya katiba ya 2010, na Lamu ni namba 005, baada ya Mombasa, Kwale, Kilifi na Tana River. Mitego ya pwani ni ileile ya kila mahali, mji mkubwa kudhaniwa kuwa makao: Tana River ni Hola, Taita Taveta ni Mwatate si Voi, na Kilifi ni Kilifi si Malindi. Hata miji mikuu ya nchi hubadilika: Tanzania iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, na sheria ya kuitangaza Dodoma makao makuu ikapitishwa mwaka 2018. Burundi ilichagua Gitega mwishoni mwa mwaka huohuo. Uganda iliiacha Entebbe ilipopata uhuru mwaka 1962.

Je, wajua kwamba kuna Wasomali ambao swali la mji mkuu wa jimbo limewafungulia uraia? Marekani, mwombaji uraia hufanya mtihani wa mdomo. Katika orodha ya maswali 100 iliyotumika tangu 2008, moja linauliza: mji mkuu wa jimbo lako ni upi? Mwombaji alikuwa akiulizwa hadi maswali 10 na kutakiwa kupata 6. Kwa walioomba kuanzia Oktoba 20, 2025, orodha ni ya maswali 128, huulizwa hadi 20, na kufaulu ni 12. Anayeishi Columbus, Ohio, kwenye jumuiya kubwa ya Wasomali, ana bahati, kwani mji wake ndio jibu. Wa Minneapolis anatakiwa kujibu Saint Paul, wa Seattle aseme Olympia, wa Lewiston kule Maine aseme Augusta. Mzee aliyetimiza miaka 65 na aliyekaa na kibali cha kudumu miaka 20 hupewa orodha fupi zaidi ya kujifunza, na anaruhusiwa kujibu kwa lugha yake kupitia mkalimani. Kwa hiyo bibi wa Kibajuni anaweza kabisa kuitaja Saint Paul kwa Kibajuni.

Uingereza swali lilikuja kwa ukali zaidi. Wabajuni waliokimbia vita baada ya 1991 walipitia Kenya, wengine wakikaa kambi ya Jomvu, Mombasa, na baadhi wakafika Uingereza kuomba hifadhi. Kwa kuwa Wabajuni wako pande zote mbili za mpaka wa 1925, maofisa walitaka kujua nani ametoka upande upi, na ujuzi wa visiwa na wa lugha ukawa ushahidi. Mwaka 2004 baraza la rufaa la uhamiaji lilitoa uamuzi wa mwongozo uliohusu hasa Wabajuni na uwezo wao wa kuzungumza Kibajuni. Sauti zao zilirekodiwa kwa simu na kuchambuliwa na kampuni ya Sweden. Mtaalamu wa lugha Derek Nurse, aliyekichunguza Kibajuni kwa miaka mingi, aliandika kwa kirefu juu ya watu hawa, visiwa vyao na usemi wao, maandishi ambayo yamebaki kuwa hazina.

Fikiria kijana aliyetoka Chula akiwa na miaka minne na kulelewa Mombasa. Kiswahili chake ni cha Mombasa, na majina ya vijiji ameyasikia kwa mama yake tu. Mwingine, ambaye hajawahi kukanyaga kisiwa, anaweza kuyakariri majina yote kwa wiki moja. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, ikiamua kesi za waombaji wawili waliojieleza kuwa Wasomali, ilikosoa ripoti za lugha ambamo mchambuzi alitoa maoni juu ya ujuzi wa mtu kuhusu nchi yake bila kuonyesha kwamba yeye mchambuzi ana utaalamu wa mambo hayo. Tangu hapo, anayetaka kumpima mtu kwa majina ya visiwa lazima kwanza aeleze yeye mwenyewe ameyajulia wapi.