Ramani ikionyesha Chovae tupu, usiseme kuna amani

Ramani za nukta zinatumwa sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Unafungua picha, unaona pwani ya kusini mwa Somalia. Kismayo ina duara kubwa jekundu lenye namba ndani. Ukishuka kusini, kwenye visiwa vya Koyama, Chovae na Chula, hakuna alama yoyote. Mara mtu anaandika: "Kwetu kumetulia, turudini."

Kabla hujakubaliana naye, soma hapa ujue ramani hizi zinatengenezwaje, zinasema nini, na nini haziwezi kusema.

Zilianzia wapi?

Moja ya ramani za kwanza za aina hii ilitengenezwa hapa Kenya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilienea na habari nyingi hazikufika kwenye redio wala magazeti. Januari 2008 Wakenya wachache, akiwemo mwanasheria Ory Okolloh, walifungua tovuti iliyoitwa Ushahidi. Mwananchi aliyeona nyumba ikichomwa au barabara ikifungwa aliweza kutuma habari kwa simu au kwa intaneti, na habari hiyo ikawekwa kwenye ramani. Hakukuwa na ofisi moja yenye waandishi kila mahali. Kila mwenye simu alikuwa mwandishi.

Programu hiyo ikasafiri. Ilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Wahaiti walioko ng'ambo walitafsiri ujumbe kutoka Kikrioli ili waokoaji wauelewe.

Mwishoni mwa 2011 ikafika Somalia. Televisheni ya Al Jazeera ilishirikiana na Ushahidi na wengine katika mradi wa Somalia Speaks. Watu ndani ya Somalia walitumiwa ujumbe mfupi ukiwauliza vita vimeathiri vipi maisha yao, nao wakaombwa wataje mji wao. Majibu yalitafsiriwa na Wasomali walioko nchi za nje, kisha yakawekwa kwenye ramani.

Ujumbe unakuwaje nukta?

Kwanza, mtu anatuma habari. Pili, mtu aliyejitolea anaisoma, na ikibidi anaitafsiri. Tatu, anaipanga kwenye fungu lake: njaa, mapigano, maji, kuhama. Nne, anatafuta jina la mahali kwenye ramani na kuweka nukta. Kwenye kila hatua kuna kitu kinaweza kupotea.

Chukua mfano wa mzee wa Chovae. Akiulizwa anatoka wapi, huenda akajibu "Kismayo," kwa sababu hilo ndilo jina ambalo mgeni analijua. Nukta yake itawekwa katikati ya mji wa Kismayo. Akiandika "Chovae," mtafsiri huenda asilipate jina hilo, maana kila ramani huliandika kwa namna yake: moja Chovae, nyingine Chovai. Na kama swali limekuja kwa Kisomali naye amezoea Kibajuni, huenda asijibu kabisa.

Duara kubwa lina maana gani?

Ukiitazama ramani kwa mbali, programu hukusanya nukta zilizo karibu na kuzifanya duara moja lenye namba. Namba 40 ina maana kwamba ripoti 40 zimewekwa hapo. Haina maana ya matukio 40. Watu kumi wakitaja mlipuko mmoja, ramani inaweza kuhesabu kumi. Mji wenye watu wengi, minara ya simu na umeme wa kuchaji utakuwa na duara kubwa hata kama shida yake si kubwa kuliko ya kijijini.

Kwa hiyo ramani inakuonyesha mahali ambapo watu wamesema. Mahali ambapo watu hawakusema, haijui kitu.

Na kunyamaza kuna sababu nyingi. Huenda simu haishiki. Huenda watu wamehama, kama Wabajuni wengi walivyopanda boti kukimbilia Lamu na Mombasa baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991. Huenda wanaogopa. Januari 2014 al-Shabaab walizipa kampuni za simu siku 15 kusitisha intaneti ya simu katika maeneo waliyoyashika. Mahali pa namna hiyo, ukimya kwenye ramani unaweza kuwa dalili ya hatari.

Kwa nini jambo hili linakuhusu?

Novemba 2013 Kenya, Somalia na UNHCR zilitia saini makubaliano ya kurudi nyumbani kwa hiari, na safari za kwanza kutoka Dadaab zilianza Desemba 2014. Kismayo ilikuwa mojawapo ya sehemu za kurudi. Familia ya kisiwani ikifika Kismayo bado haijafika kwao. Habari njema ya Kismayo haitoshi kukuambia habari ya Chovae. Hata habari mbaya ya Kismayo haitoshi.

Ukitazama ramani, uliza:

- Ripoti ni za tarehe gani? Nukta ya mwaka juzi ina rangi ileile kama ya jana.
- Ripoti zimehakikiwa, au zimewekwa tu kama zilivyokuja?
- Ujumbe ulipokelewa kwa lugha gani?
- Namba ndani ya duara inahesabu nini: ripoti, matukio au watu?
- Nani wa kwetu amefika huko karibuni? Mpigie mvuvi, nahodha au jamaa aliyeko Kismayo, kisha umuulize na mwingine.

Ukituma ripoti wewe mwenyewe, taja kisiwa, kisha mji ulio karibu: "Chovae, kusini mwa Kismayo." Eleza ulichokiona wewe, na ulichosikia sema umesikia. Andika siku. Usitaje jina la mtu wala la boti. Kisiwa ni kidogo, na boti moja ikitajwa kila mtu anajua ni ya nani. Ujumbe ukishawekwa kwenye ramani, hata aliyekufukuza anaweza kuusoma.

Kama huna uhakika kwamba ni salama kutuma, usitume. Ramani itabaki tupu hapo, na wewe sasa unajua namna ya kuusoma utupu huo.