Haki za Mwananchi Anayeombwa Kushiriki Utafiti wa Tiba: Funzo Lililotoka Pemba

Wananchi wengi hufikiwa majumbani mwao na watafiti wa afya wakiombwa tone la damu, choo cha mtoto, au ruhusa ya kujaribiwa dawa. Wapo wanaokubali bila ya kuuliza lolote, kwa sababu tu mgeni amefuatana na Sheha. Wapo pia wanaokataa kwa hofu, kwani maneno ya mumiani hayajesha vinywani mwa watu. Makala haya yanaeleza kwa nini njia zote mbili hazifai, na mambo gani mwananchi anastahiki kuelezwa kabla ya kutia saini au dole gumba.

Kwanza, yapasa ifahamike tofauti iliyopo baina ya matibabu na utafiti. Daktari anayetibu hukusudia kumfaa mgonjwa aliye mbele yake. Mtafiti hutafuta jibu ambalo bado halijulikani. Anayeshiriki utafiti, kwa hivyo, hujitolea kwa ajili ya wengine. Huenda asipate faida yoyote, na huenda akapata madhara.

Mfano ulio karibu nasi ni ule wa kisiwa cha Pemba. Katika miaka ya 1990 ushauri wa kimataifa ulikuwa kwamba watoto wadogo wapewe madini ya chuma popote palipoenea upungufu wa damu, bila ya kupimwa mmoja mmoja. Jambo hilo lilionekana kuwa ni kheri tupu. Mnamo Januari 2002 utafiti mkubwa ulianzishwa Pemba kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35. Watoto 24,076 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: wa kwanza walipewa chuma na asidi ya foliki, wa pili walipewa hivyo hivyo pamoja na zinki, na wa tatu walipewa kidonge kisichokuwa na dawa ndani yake. Wazazi hawakujua nani anapewa nini, wala wagawaji wa vidonge hawakujua.

Mwezi wa Agosti 2003, kamati huru iliyopewa kazi ya kuchunguza usalama wa watoto ilishauri utoaji wa chuma usimamishwe, na ukasimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa na hatari zaidi kwa asilimia 12 ya kufariki au kulazwa hospitali. Pemba wakati huo ilikuwa na malaria nyingi. Kwa upande mwengine, watoto waliopimwa na kuonekana kweli wana upungufu wa chuma, na waliokuwa wakifuatiliwa na kutibiwa, walifaidika. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya kuwapa chuma watoto wote katika sehemu zenye malaria nyingi.

Msiba huo una mafunzo. Watu hudhani kwamba kumpa mtoto kidonge kisicho na dawa ni kumdanganya. Lakini lau lisingekuwapo kundi hilo la kulinganishia, madhara yangelifichika miongoni mwa maradhi ya kila siku, na chuma kingeliendelea kugaiwa kwa watoto wengi katika nchi nyingi. Udanganyifu ni kutomwambia mzazi kwamba kundi hilo lipo. Aidha, nia njema ya mtafiti haitoshi. Lazima wawepo wasimamizi wasiokuwa yeye, wenye uwezo wa kusema basi.

Huko Tuskegee, Marekani, tangu 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila ya kuambiwa ukweli, na hawakupewa penisilini hata ilipokuwa ndiyo tiba inayojulikana. Hapo hakukuwa na ridhaa, wala aliyesema basi kwa miaka 40.

Kwa hivyo, mwananchi anayeombwa kushiriki ana haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoifahamu: utafiti unatafuta nini, atafanyiwa nini na kwa muda gani, hatari zinazojulikana, na kwamba huenda zikawapo zisizojulikana, nani atamtibu akidhurika, na siri zake zitahifadhiwa vipi. Ana haki ya kukataa, na ya kujitoa wakati wowote, bila ya kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Idhini ya Sheha humruhusu mtafiti kuingia katika shehia. Haichukui nafasi ya ridhaa ya mzazi.

Hali kadhalika, mtafiti aonyeshe kibali cha kamati ya maadili. Visiwani, Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar ndiyo yenye kamati hiyo. Bara, kazi hiyo ni ya kamati ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Mkulima wa Kibingo, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, na mvuvi wa Wete wana haki zilizo sawa katika jambo hili.

Mwisho, utafiti ukimalizika, matokeo yarejeshwe kwa waliotoa damu na watoto wao, yakiwa mazuri au mabaya. Wananchi wasione haya kuyadai. Kuuliza si ujinga, na mtafiti mwaminifu haudhiki kwa kuulizwa.