Je, wajua gari jeupe ni jeupe la namna gani?

Nenda dukani uombe rangi nyeupe ya Toyota, na muuzaji anayeijua kazi yake atakuuliza: nyeupe ipi? Kwa Toyota peke yake kuna 040, nyeupe kali iliyopakwa kwenye magari madogo mengi kwa miaka na miaka. Kuna 058, ya magari ya kazi kama Probox na Hiace. Kuna 070, nyeupe ya lulu, ambayo si rangi moja bali ni matabaka matatu: weupe chini, katikati utando wa chembe za maika zilizovishwa dioksidi ya titani, na juu kabisa klia, utando angavu usio na rangi. Zipange zote tatu kwenye jua la Bariadi saa nne asubuhi, na hutahitaji mtu wa kukuonyesha tofauti.

Sasa chukua gari lililotoka kiwandani Japani na mojawapo ya rangi hizo. Limetumika huko, likashuka bandarini Dar es Salaam, likagongwa ubavuni, likanyooshwa bodi na kupigwa rangi upya gereji, kisha likala miaka kadhaa kati ya Maswa, Bariadi na Lamadi. Siku moja linapita njia ya ng'ombe kule Meatu na miiba ya migunga inalichora kuanzia fenda hadi mlango wa nyuma. Ni nyeupe ipi itakayouziba mkwaruzo ule?

Watu wengi hukimbilia kibati chenye namba ya rangi. Kwenye magari mengi ya Toyota kimebandikwa chini ya boneti, kwenye ukuta unaotenga injini na abiria, au kwenye nguzo ya mlango. Tafuta mstari ulioandikwa C/TR: alama tatu za mwanzo ni rangi ya bodi, zinazofuata ni za vitambaa na plastiki za ndani. Ni kitu cha thamani, lakini ni cheti cha kuzaliwa. Hakijui ajali, hakijui fundi wa kwanza wala wa pili, hakijui jua. Kwa gari lililopakwa upya, namba ile ni mahali pa kuanzia tu, na wakati mwingine hata hapo haifai kuanzia.

Jua lenyewe halina mzaha hapa kwetu. Bariadi iko chini kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba. Halafu tuko juu. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bariadi imepanda zaidi ya hapo. Hewa iliyo juu yetu ni pungufu kuliko ya Dar es Salaam, na mionzi ya urujuanimno inatufikia ikiwa na nguvu zaidi. Rangi ya gari kimsingi ni chembe za rangi zilizoshikwa na gundi. Mionzi hiyo huikata gundi. Katika rangi nyeupe isiyo na klia, dioksidi ya titani inayoleta weupe huwa pia inasaidia uharibifu ule, kwa sababu ikipigwa na mwanga penye unyevu huichokonoa gundi iliyoizunguka. Pitisha kiganja juu ya paa la pikapu kuukuu uone: kinarudi na unga mweupe kama wa chaki. Ule unga ni chembe zilizobaki yatima baada ya gundi kuliwa.

Kwa hiyo paa na boneti, vinavyolitazama jua moja kwa moja, huchakaa kabla ya milango. Gari moja linakuwa na weupe wa aina mbili au tatu bila mtu yeyote kulipaka. Fundi asiyelijua hili atachukua kipimo cha rangi kwenye kifuniko cha tenki la mafuta, kwa kuwa kinafunguka kirahisi, kisha ashangae kwa nini boneti imekataa. Kipimo kichukuliwe jirani kabisa na jeraha.

Kabla ya hapo gari lioshwe, na si kwa maji tu. Wekundu wa vumbi la barabara za changarawe ni oksidi ya chuma, na oksidi hiyo hiyo huuzwa viwandani kama rangi. Kwa maneno mengine, barabara inalipaka gari lako kila siku. Likishaoshwa, lisuguliwe kwa kompaundi eneo la kiganja kimoja mpaka ngozi iliyokufa iondoke. Kitambaa kiwe cheupe kama gari ni la rangi, au cheusi kama gari ni jeupe, kwa sababu kina habari ya kutoa: kikichafuka kwa rangi ya gari, juu hakuna klia, kikibaki safi, klia ipo.

Jambo linalonivutia kuliko yote ni pete. Ukichukua msasa laini na maji, ukasugua mahali pamoja palipofichika hadi kwenye bati, kingo za tundu hilo dogo hufunguka kama pete za mti uliokatwa. Klia ya juu. Nyeupe ya gereji. Praima ya kijivu. Pengine puti, kuonyesha palipopigwa. Chini yake nyeupe nyingine, au hata bluu ambayo mwenye gari hakuwahi kuambiwa. Mwisho kabisa, utando mwembamba wa praima ya kiwandani, ule uliogandishwa kwenye bati kwa umeme bodi nzima ikiwa imezamishwa ndani ya dimbwi la rangi. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hiyo hadi klia, kwa kawaida haizidi sana mikroni 100 hadi 150, karibu unene wa karatasi mbili za daftari. Katika nafasi hiyo maisha yote ya gari yamejikunja, na anayenunua gari angefaa ajifunze kuyasoma.

Pete zinakuambia pia utumie rangi gani. Lowanisha kitambaa kwa thina, ukiweke kidogo mahali pasipoonekana. Rangi ikiyeyuka na kukishika kitambaa, huenda ni NC, ile inayokauka kwa thina kuruka tu, na ambayo thina ikirudi inalainika tena. Isipotikisika, ni 2K, ile inayochanganywa na hadina ili igande, au ni ya kiwandani iliyookwa kwenye joto la tanuri. Ukiipuliza 2K yenye thina kali juu ya NC bila kuikinga, ile ya chini inaamka na kukunjamana kama ngozi ya maziwa. Na hadina ya 2K ina isosaineti, sumu inayoweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Kitambaa kilichofungwa puani hakiizuii. Panatakiwa kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira, na vijana wanaoshika kompresa kila siku wanastahili kupewa.

Ugumu wa kweli uko kwenye rangi ya silva. Nyeupe ya kawaida unaisahihisha kwa matone: njano kidogo ikiwa gari limeungua na jua, nyeusi kidogo ikiwa limefifia, unakoroga, unajaribu tena. Silva ina vipande vya alumini vyembamba mno vinavyoelea ndani ya rangi kama vioo vidogo, na mng'ao wake hutegemea jinsi vilivyolala. Ukipuliza kavu, kwa upepo mwingi na safu nyembamba, silva hutoka ikiwa nyepesi. Ukipuliza mbichi, vipande huzama na kujipanga ovyo, na rangi inakuwa nzito. Joto la saa nane mchana hukausha matone yakiwa bado hewani. Kopo moja, fundi mmoja, asubuhi na mchana, unapata silva mbili! Kwa sababu hiyo hiyo, silva ikipakwa kwa brashi kwenye mkwaruzo mara nyingi huonekana nyeusi kuliko ilivyo koponi.

Basi kipimo hakifanywi kwa kidole wala kwa kuangalia kopo. Kinapulizwa juu ya kipande cha bati, kwa bunduki ileile na upepo uleule, safu zilezile, na klia juu yake, kisha kinasubiriwa kikauke. Halafu kinawekwa juu ya gari na kutazamwa kutoka mbele, kutoka ubavuni, na kwa kuinama karibu na uso wa bati. Jicho lina vipokezi vya rangi vya aina tatu tu, kwa hiyo michanganyiko miwili tofauti inaweza kulidanganya chini ya mwanga mmoja na kuumbuka chini ya mwingine. Mlango uliokubali ndani ya gereji chini ya taa unakataa ukifika stendi. Tazama nje, mchana, mbali na ukuta mwekundu au mti unaotupa ukijani wake juu ya bodi. Tazama tena jioni chini ya taa za kituo cha mafuta. Na ukikodoa sana jicho linazoea, linaacha kuona. Geuka, tazama kitu cha kijivu, kisha rudi.

Hata hivyo jicho lina udhaifu unaoweza kutumiwa. Linaona tofauti ndogo sana pale rangi mbili zinapogusana kwenye mstari mkali, lakini zikitenganishwa, au moja ikiyeyukia taratibu ndani ya nyingine, halishtuki. Ndiyo maana fundi mzuri hasimamishi rangi mpya katikati ya mlango. Anaifukiza, anaipunguza polepole kuelekea kwenye ile ya zamani, kisha klia anaipeleka mpaka mwisho wa paneli, penye mfereji au pembe. Kati ya fenda ya bati na bampa ya plastiki usihangaike kupita kiasi. Hata magari mapya mara nyingi hutofautiana hapo.

Kikishapatikana kipimo kilichokubali, kile kipande cha bati kisitupwe. Nyuma yake iandikwe tarehe, namba ya rangi ya msingi, matone mangapi ya njano na nyeusi yaliongezwa katika ujazo gani, kama ni NC au 2K, na ni upande upi wa gari ulioigwa. Kisha kifungwe kwenye gazeti na kuwekwa chini ya kiti cha dereva, pamoja na jeki, kwa ajili ya fundi atakayekuja baadaye.