Wanyama, Kadenge na Bathdei za Burma

Tarehe 25 Julai ikifika, mashabiki wa Chicago Bears humkumbuka Walter Payton, aliyezaliwa siku hiyo. Picha zake akiwa na jezi nambari 34 hujaa kwenye simu, na waliomwona akicheza huwasimulia wajukuu. Watoto wetu waliozaliwa huku Marekani wanazijua siku hizi. Wanajua kwamba Tom Brady ni wa 3 Agosti na Jerry Rice ni wa 13 Oktoba. Ukiwauliza mwanasoka wa Kenya Victor Wanyama alizaliwa lini, watakutazama tu, na wengi wetu wazazi pia hatuna jibu. Jibu ni 25 Juni 1991, na mtaa aliokulia ni Muthurwa, Nairobi, hatua chache kutoka Soko la Burma.

Naandika makala haya kwa sababu msimu wa kwenda nyumbani huwadia shule za huku zinapofungwa, na siku ya Wanyama huangukia humo humo. Nataka familia zetu ziisherehekee, na nataka ziifanyie Burma.

Kwanza tuwaelewe wenyeji wetu. Futiboli ya Kimarekani ni mchezo wa kumbukumbu zilizoandikwa. Payton alikimbia na mpira mkononi jumla ya yadi 16,726 katika ligi ya NFL, zaidi ya kilomita 15, na karibu kila hatua kulikuwa na mtu anayetaka kumwangusha. Tarehe 20 Novemba 1977, akiwa na homa ya mafua, alikimbia yadi 275 katika mechi moja dhidi ya Minnesota Vikings (wasomaji wetu wa Minneapolis watanivumilia). Jumla yake ilibaki rekodi hadi Emmitt Smith alipoipita mwaka wa 2002. Mtu akiandikiwa kila yadi aliyokimbia, siku aliyozaliwa haiwezi kupotea.

Wana pia nyumba ya kuwatunzia mashujaa. Iko Canton, Ohio, mji ambako ligi yenyewe iliasisiwa mwaka wa 1920, na ilifunguliwa mwaka wa 1963. Mchezaji akishastaafu miaka 5, jina lake linaweza kujadiliwa. Akipita, huvishwa koti la rangi ya dhahabu na kichwa chake huchongwa kwa shaba. Payton aliingia mwaka wa 1993, na aliyesimama jukwaani kumtambulisha alikuwa mwanawe Jarrett, mvulana wa miaka 12. Mtoto alimsifu baba yake mbele ya umati, na baba alikuwa pale akisikia. Miaka 6 baadaye, tarehe 1 Novemba 1999, Payton alifariki kwa ugonjwa wa ini.

Sisi mashujaa wetu tunawasifu kwenye matanga. Joe Kadenge alizaliwa mwaka wa 1935, akachezea Maragoli United na Abaluhya, timu ambayo leo ni AFC Leopards, pamoja na timu ya taifa. Mwaka wa 2002 aliifundisha timu hiyo ya taifa, Harambee Stars. Leonard Mambo Mbotela, akitangaza redioni, alimfanya asisahaulike: hadi leo, Mkenya ambaye hakuwahi kumwona uwanjani husema “Kadenge na mpira”. Katika maisha yake ya baadaye Mzee aliendesha teksi jijini. Alifariki tarehe 7 Julai 2019, na baada ya hapo ndipo City Stadium, uwanja ulio pembeni mwa Burma kwenye Barabara ya Jogoo, ukapewa jina lake. Kwa miaka mingi angeweza kupita hapo na gari lake akaliona jina hilo ukutani. Hilo linaniuma kila ninapoutazama ule uwanja.

Wapo watakaosema sherehe za bathdei ni za Wazungu. Tusisahau historia. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo nchini Kenya ilianza kutumika mwaka wa 1928, lakini Waafrika hawakulazimika kuandikisha watoto wao. Uandikishaji wa lazima kwa wote ulianza kutandazwa wilaya baada ya wilaya mwaka wa 1963 na kuenea nchi nzima mwaka wa 1971. Wenzake Kadenge walizaliwa serikali haihesabu siku zao. Nyumbani lakini zilihesabiwa. Wafula alikuja na mvua, Wanjala alikuja wakati wa njaa, Wekesa alikuja watu wakivuna. Kwa Wajaluo, Otieno alizaliwa usiku na Omondi alfajiri. Kwa hiyo kumtambua mtu kwa siku aliyokuja duniani tulikuwa nako kabla ya keki na mishumaa.

Sasa Burma yenyewe. Wakazi husimulia kwamba jina lilikuja na askari wa King's African Rifles waliorudi kutoka vita vya Burma, ambako wanajeshi wa Afrika Mashariki walipambana na Wajapani mwaka wa 1944. Jirani zake ni Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni na Muthurwa. Watu huifuata nyama. Unasimama mbele ya bucha, unaonyesha kwa kidole: mbavu hizi, ule mguu, bila kusahau kipande cha mafuta. Inapimwa kwa kilo mbele ya macho yako, kisha inaenda kwenye jiko. Unakaa unangoja, moshi unakuingia nguoni, na anayejua Burma hamsumbui mchomaji. Ikishaiva inaletwa juu ya ubao, inakatwa papo hapo kwa kisu kikali, chumvi inamwagwa pembeni, ugali na kachumbari vinafuata. Mnakula kwa mikono kutoka ubao mmoja. Siku Gor Mahia au AFC ilipocheza hapo uwanjani, Burma ndiko mechi ilikoanzia na kumalizikia, na mashabiki wa K'Ogalo (Gor) na wa Ingwe (AFC) walibishana wakila.

Meza hiyo ndiyo inayofaa bathdei ya mchezaji. Wanyama na kaka yake McDonald Mariga ni wana wa Noah Wanyama, aliyeichezea AFC Leopards. Mariga, wa 4 Aprili 1987, alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka wa 2010. Victor alisoma Kamukunji High, akaenda Ulaya, na tarehe 7 Novemba 2012 akaifungia Celtic bao la kwanza walipoishinda Barcelona 2-1. Akapita Southampton na Tottenham, na mwaka wa 2020 akaja Montreal, kwenye ligi yetu ya soka ya huku. Mwezi Juni 2017, alipokuwa mapumzikoni Tanzania, mtaa mmoja wa Ubungo, Dar es Salaam, ulipewa jina lake, kisha muda mfupi baadaye kibao kikaondolewa. Heshima inayotegemea kibao cha mwanasiasa haidumu. Inayoandaliwa na watu wenyewe kila mwaka hakuna wa kuing'oa.

Pangeni hivi. Tarehe 25 Juni wapelekeni watoto Muthurwa wakaone alikokulia, kisha shukeni Burma kwa miguu. Mwacheni mzee mmoja wa mtaa awasimulie kuhusu Noah na AFC ya enzi zake. Wazee hao bado wapo, na hadithi hiyo watoto hawataipata kwenye simu. Mtoto anayempenda Payton naye asimulie habari zake, kwa sababu wazee wa Burma wanajua mpira na watauliza maswali. Wakitaka kumwagiana maji, kama wanafunzi wa Kenya wanavyomfanyia mwenye bathdei, waruhusiwe, mradi yasifike kwenye jiko la mtu. Siku 12 baadaye ni 7 Julai, siku ya kumkumbuka Mzee Kadenge. Eastlands, eneo hili la Nairobi, haiisahau tarehe hiyo, kwa kuwa ndiyo Saba Saba, na mkutano wa 1990 wa kudai vyama vingi uliitishwa hapo hapo karibu, uwanja wa Kamukunji.

Watakaobaki huku wana siku yao pia. Daniel Adongo, mwana raga wa Nairobi aliyezaliwa 12 Oktoba 1989, alijiunga na Indianapolis Colts mwaka wa 2013 na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi ya NFL. Alifika bila kuwahi kuucheza mchezo huo, na mwaka huo huo akaingia uwanjani kwenye mechi ya ligi. Watoto wetu wanaofanya mazoezi katika shule za Texas na Georgia wanastahili kulijua jina lake na tarehe yake sawa na ya Rice, ambayo huwa kesho yake.

Kwa wanaokwenda Burma, fikeni kabla ya saa sita mchana. Nyama ya watu wengi huchukua muda jikoni, na kama kuna mechi uwanjani siku hiyo, wekeni oda asubuhi.