Glisini yabisha hodi kwenye soko la dhahabu

Msimu wa mavuno, apitaye Kiranjeranje, wilayani Kilwa, kwa barabara ya Lindi huona magunia ya ufuta yakisubiri mnada na malori ya jasi yakipeleka mzigo kwenye viwanda vya saruji. Dhahabu ya mkoa wa Lindi iko Ruangwa, kwenye machimbo ya Namungo, na huko wanaumiza kichwa kama wenzao wa Geita na Chunya: kuchenjua kwa dawa gani?

Mchimbaji mdogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki, halafu marudio, yaani mchanga unaobaki, huishia kwenye matangi ya sayanaidi. Zebaki inabanwa na Mkataba wa Minamata, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2020. Sayanaidi, yenye hataza tangu 1887, ni sumu kali lakini ina kasi.

Chuo Kikuu cha Curtin, Australia, kimekuja na glisini, asidi amino ndogo kuliko zote, isiyo sumu, inayotiwa hata kwenye chakula cha mifugo. Ina naitrojeni ncha moja na oksijeni ncha nyingine, na shaba huibana kwa ncha zote mbili kama koleo. Dhahabu ni mkaidi. Sharti kwanza ipokonywe elektroni, ndipo molekuli mbili za glisini ziishike kwa naitrojeni tu, tena kwa mshiko dhaifu kuliko wa sayanaidi. Ndiyo maana kazi hutaka joto na muda mrefu.

Muda huo ni pesa. Mwenye matangi aliyenunua marudio kwa mkopo hawezi kungoja, na kuni au dizeli ya kupasha maji itamla faida. Kwake yeye, kwa maoni yangu, glisini bado. Mahali pake ni kwenye mawe yenye shaba nyingi, kwa sababu shaba hula sayanaidi bure. Ukiichanganya sayanaidi na glisini, unanunua sayanaidi kidogo, na glisini yenyewe hurudishwa kazini.

Ufuta nao una methionini, asidi amino yenye salfa, na salfa huing'ang'ania dhahabu kweli kweli. Ila asije mtu akakamua gunia lake kwa tamaa hiyo; mnada unalipa zaidi.

Kwa mfanyabiashara wa Kilwa, bidhaa ya karibu ni chokaa. Sayanaidi na glisini zote hutaka maji yenye alkali, na kwenye sayanaidi chokaa ndiyo huzuia gesi ya sumu isifuke. Mawe ya chokaa pwani hii yapo tele. Kinachotakiwa ni tanuri linalochoma sawasawa, maana mwenye matangi hanunui chokaa iliyochanganyika na mchanga.