Masika Katika Njia ya Amu

Mtu asiyeujua mji wa Amu hudhani ya kuwa habari za motokaa haziwahusu watu wake, kwa kuwa vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba na mizigo huchukuliwa na punda. Dhana hiyo si sawa. Unga, viazi, vitunguu na dawa huja kwa malori hadi Mokowe, ndipo hupakiwa mashuani. Na lori likikwama njiani, majiko ya Langoni na Mkomani hupata habari upesi.

Mvua kubwa huanza mwezi wa Aprili pamoja na upepo wa kusi, na Mei ndio mwezi wake hasa. Mjini neema na taabu huja pamoja. Maji huteremka vichochoroni yakichukua samadi ya punda hadi pwani, na wenye mapaa ya makuti makuukuu hawalali. Lakini mvua hiyo hiyo huzama katika vilima vya mchanga vya Shela, na visima vya huko ndivyo viunyweshavyo mji. Huko Pate na Siyu watu huikinga katika majabia. Basi Mwamu hawezi kuilaani mvua.

Taabu kubwa iko bara. Kutoka Mokowe kupita Witu hadi Garsen ni yapata kilomita 110. Zamani njia hiyo ilikuwa ya udongo, nao ukilowa hunasa magurudumu kama ulimbo. Na huko Garsen motokaa zilivushwa mto Tana kwa kivuko cha kuvutwa kwa kamba. Wazee wangali wakiyakumbuka mafuriko ya mwaka 1961. Baadaye lilijengwa daraja, ikatiwa na lami, na wengi wakadhani ya kuwa mambo yamekwisha. Mwishoni mwa mwaka 2023 maji yaliikata njia upande wa Gamba, na mwaka 2024 yakaja tena.

Tena huenda siku hiyo Amu kuna jua kali. Maji ya Tana hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, nayo huchukua siku kadha kufika. Kwa hiyo dereva mwerevu hatosheki na kutazama mawingu ya Mokowe, bali huuliza habari za bwawa la Masinga.

Abiria humhimiza: “Twende, bwana, mwenzio amepita!” Hicho ni kipimo kibaya kabisa, kwani maji yaendayo mbio huila barabara kutoka chini, na lami aliyoikanyaga mwenziwe asubuhi huenda haipo adhuhuri. Wala si busara kumtuma utingo atangulie na fimbo. Mto huu una mamba na viboko.

Aliye na haki ya kuhimiza ni mgonjwa aliyeandikiwa kwenda Mombasa. Ndege huruka kutoka Manda, lakini nauli yake haipatikani kwa kila mtu. Jamaa zake hufanya shauri pale pale gatini, mashua ikiyumba kwa kusi: wavuke na kujaribu njia, au wamrudishe hospitali ya Amu wangoje maji yapungue.